Simba wa Gazetini na Simba ya Langoni

Kaka yangu mkubwa alikuwa Simba, na alikuwa na simba, na kwa miaka kadhaa mambo hayo mawili yalinikosesha usingizi na karibu yanikoseshe mke.

Nieleze neno lenyewe kwanza, polepole, kama ninavyowaeleza watoto darasani. Ukilishika hili, mengine yote yatafuata bila shida. Kwa Kijaluo, simba ni nyumba ndogo ambayo kijana hujengewa karibu na lango la boma la baba yake anapoanza kuwa mtu mzima. Hulala humo, hupokea marafiki humo, na akioa humwingiza mke humo. Yule mnyama anayenguruma tunamwita sibuor, kwa hiyo kwetu hakuna anayechanganya nyumba na mnyama. Kwa Kiswahili, simba ni mnyama huyo. Na katika ukurasa wa nyota wa gazeti la Kiswahili, Simba ni mtu yeyote aliyezaliwa kati ya siku za mwisho za Julai na wiki ya tatu ya Agosti. Nyumba, mnyama, nyota. Hayo tu.

Kaka alizaliwa mwanzoni mwa Agosti. Alikuwa karani katika ghala moja mjini Kisumu, amepanga chumba Nyamasaria, na kila Jumamosi mchana alikuja nyumbani, upande wa Kombewa, gazeti limekunjwa chini ya kwapa. Mkewe na watoto walikaa nyumbani, ndani ya simba yake. Mimi nilimfuata kwa kuzaliwa. Nilifundisha Kiswahili katika shule ya msingi ya jirani, nikaishi na mke wangu na watoto wetu ndani ya simba yangu, nyuma kidogo ya ile yake. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado shule ya bweni. Baba alikuwa amefariki, na mahali pake alisimama ndugu yake, ambaye kwetu tunamwita Baba vilevile.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya themanini, wakati ambapo watu wa mjini walianza kuulizana nyota kama wanavyoulizana kabila. Kaka alizipata ghalani, kwa makarani wenzake, akazileta nyumbani kama mtu anayeleta dini mpya. Aliketi kwenye kiti cha kukunja mbele ya simba yake, akakohoa, akasoma. Simba ni mtu wa mbele. Simba ni mkarimu. Simba anazaliwa kutawala. Simba hapendi kurekebishwa, na anayemrekebisha anajitafutia adui. Kila Jumamosi maneno yalibadilika kidogo, lakini yeye aliyasoma kwa sauti ileile, kama barua aliyoandikiwa yeye na wakubwa.

Na ukweli lazima niuseme, maana mtu akikuchukia hakosi kuwa na mazuri yake. Alikuwa mkarimu. Hakuja mikono mitupu hata siku moja. Mkate, sukari, sabuni ya mama, peremende za watoto wangu pamoja na wake. Lakini aligawa akiwa amesimama, watu wakiwa wameketi, na alingoja kusikia asante ya kila mmoja. Asiyesema alikumbukwa.

Nyota yangu ilikuwa Mashuke. Gazeti lilisema mtu wa Mashuke huchagua chagua, hukosoa wenzake, huona kijiti kidogo kwenye jicho la mtu. Kaka aliipenda sana nyota yangu.

"Mashuke!" aliniita kutoka kwenye kiti chake. "Umekosoa nani leo?"

"Nimesahihisha madaftari."

"Si ndiyo hiyo. Mtu wa makosa. Ukienda mbinguni utamsahihisha malaika."

Na kweli nilikuwa nimemsahihisha yeye mara nyingi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Kisumu, ambacho hakijali ngeli. Alisema ng'ombe imekufa, mbuzi imeingia kwa shamba, mwalimu zimekuja. Mimi, kwa tabia ya kazi, nilirudia sentensi yake vizuri nikitumaini ataisikia. Badala yake aliivimbia.

Sasa nieleze kwa nini simba yake ilikuwa shida yangu. Kwetu mtoto wa kiume hakai ndani ya simba maisha yote. Wakati ukifika, babake au anayesimama mahali pa babake humtoa alfajiri pamoja na mkewe, jogoo na shoka mkononi, wakaenda mahali palipochaguliwa, na nyumba ikasimama siku hiyohiyo. Hapo anakuwa mtu mwenye boma. Lakini wanatoka kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mkubwa kwanza, kisha anayemfuata. Wa mwisho hatoki. Yeye hubaki na boma la baba. Mdogo akimruka mkubwa, wazee husema anajiletea chira, laana inayokausha watu. Mimi ni mwalimu, lakini sikuwa tayari kuijaribu chira kwa watoto wangu, na hakuna mzee ambaye angenishikia jogoo.

Kwa hiyo kaka alikaa mlangoni, na mimi nilikuwa ndani.

Simba yangu ilikuwa imechoka. Nyasi za paa zilikuwa nyeusi, ukuta wa upande wa ziwa ulikuwa umetoa tumbo kama mgonjwa. Ukarabati mkubwa haukuwa na maana, kila mtu alijua ni nyumba ya kuachwa. Mke wangu, mtu wa Bondo, alipika akitega masufuria chini ya matone. Hakuwa na lango lake wala shamba lake la kuamua kinachopandwa. Chakula chake kilipitia mikononi mwa mama yangu kwanza. Alivumilia kuliko ambavyo mimi ningevumilia. Halafu mwaka mmoja, mvua ndefu zilipokuwa zikiisha, akaniambia akichambua mboga, bila kuinua macho:

"Mahindi yakishaingia ndani, mimi narudi kwetu na watoto."

"Mama watoto, usiseme hivyo."

"Sijakukasirikia wewe. Lakini sitazeekea kwa lango la mama yako nikimngoja mtu asome gazeti."

Hakuwa mtu wa vitisho. Nilijua atakwenda, na nilijua kaka zake watampokea.

Jumamosi iliyofuata nilimwendea kaka. Nilisimama, maana kiti kilikuwa kimoja.

"Owadwa," nikamwambia, ndugu yangu, "utajenga lini?"

Aligeuza ukurasa. "Kwani umetumwa?"

"Nauliza mwenyewe."

"Nikijenga nitajenga matofali. Nyumba ya kona nne, vigae, si hiyo kibanda yenu ya matope. Simba hajengi kiota."

"Jenga ndogo sasa, kubwa utaijenga ndani ya boma lako. Sheria haidai ukubwa."

"Hapa imeandikwa." Aligonga gazeti kwa kidole. "Simba asikubali kuharakishwa na watu walio chini yake. Wiki hii. Umeona? Mimi sijaandika."

"Na mimi je? Na mke wangu?"

Hapo akanitazama, na akatabasamu. "Wewe ni mashuke, Japuonj. Mashuke ni mtama. Umesikia wapi simba anangoja ruhusa ya mtama?"

Japuonj ni mwalimu. Yeye alilitamka kama jina la ugonjwa.

Nilikasirika, na nikikasirika mimi hufundisha. Nikamwambia hilo gazeti lake linampa nusu ya habari, maana haliwaambii watu huyo simba wa nyotani alifikaje huko. Ni hadithi ya Wayunani wa kale. Palikuwa na simba aliyekula watu na mifugo, na ngozi yake haikuingia mshale wala upanga. Aliishi katika pango lenye midomo miwili. Ukimfuata kwa mmoja alitoka kwa mwingine. Akatumwa mtu mmoja mwenye nguvu kupita wote. Mishale yake ilidunda. Basi akaziba mdomo mmoja wa pango kwa mawe, akaingia kwa mwingine mikono mitupu, akamkaba simba shingo mpaka akafa. Alipotaka kumchuna, kisu hakikuingia. Akachukua ukucha wa simba huyohuyo, ukaipasua ngozi vizuri. Akaivaa kama koti. Mkuu wa miungu yao ndipo akamweka simba mbinguni.

"Kwa hiyo unajisifia mzoga," nikamaliza.

Kaka alifikiri kidogo. Sikuzoea kumwona akifikiri.

"Ngozi haiingii mshale," akasema.

"Ndiyo."

"Na nani amewekwa juu watu wamwangalie, simba au mshale?" Akacheka, akamwita mkewe. "Mama, leta chai! Na ya mwalimu pia. Amenisomea hadithi tamu sana."

Sikunywa chai hiyo. Kuanzia siku hiyo aliisimulia hadithi yangu kila mahali, pango na ngozi na yote, ila sehemu ya kukabwa aliiruka.

Mahindi yalianza kukauka shambani. Nikaenda kwa Baba, ndugu wa marehemu. Alikuwa amefanya kazi ya reli ujana wake wote, na alipenda mambo yaende kwa saa. Akaita kikao Jumapili, baada ya kanisa, hapo kwetu uani. Tulikuwa sisi sote wawili na wake zetu, mama, na yeye. Mama hakujua Kiswahili zaidi ya cha sokoni, basi kikao kilikuwa cha Kijaluo. Ila kaka akikasirika alihamia Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha afisi, cha kuonyesha kwamba amri inatoka mjini.

Baba alisema machache. Kwamba mwana wa kwanza amekawia. Kwamba nyuma yake kuna watu. Kwamba yuko tayari kumtoa siku yoyote atakayotaja.

"Taja siku," akamwambia.

Kaka aliinuka. Alikuwa amevaa suti yake ya kahawia, na jua lilikuwa kali, na jasho lilimtiririka kwenye shingo. Akanyoosha kidole, kwanza kwangu, kisha kwa wote, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo hata majirani waliisikia:

"Mimi ni Simba! Na simba haisukumwi! Simba haitoki! Itakaa hapo hapo!"

Akaketi.

Halafu mama akapiga makofi mara moja, kwa upole, kama mtu aliyejibiwa sala.

"Basi amesema," mama akasema kwa Kijaluo. "Simba haitoki. Amechagua kubaki kwenye simba yake pamoja nami. Asante, mwanangu. Sikutegemea."

Ona kilichotokea. Mama hakuwahi kusikia kwamba binadamu anaweza kuwa nyota. Neno simba kwake lilikuwa na maana moja tu, na kijumba chenyewe kilikuwa hapo mbele yake, karibu na lango, mlango umefunguliwa na kuku wakiingia. Na kukaa na mama katika boma la baba ni kazi ya mwana wa mwisho. Kama kaka ameamua kuwa huyo, basi si mkubwa tena katika foleni ya kutoka.

"La!" kaka akaruka. "Mama, si hiyo simba! Nimesema simba!"

"Nimekusikia, mwanangu. Umesema vizuri."

"Simba ya nyota! Sibuor!"

"Sibuor amefanya nini?" mama akauliza, akatazama nyuma yake.

Mke wangu aliziba mdomo kwa leso. Baba hakucheka. Alikuwa amekunja uso, na kwa mtu aliyefanya kazi kwa saa nilijua anapima jambo. Kisha akanigeukia.

"Japuonj. Wewe ndiye unafundisha hii lugha. Mtu akisema 'haitoki', ni kiumbe au ni kitu?"

Kaka alinitazama. Hakuniomba lolote kwa macho hayo. Hata hapo alikuwa ananionya.

Nitaeleza, kwa sababu ndipo mambo yote yaliposimama. Katika Kiswahili sanifu, mnyama hupewa nafsi kama mtu. Simba hatoki. Simba hasukumwi. Simba atakaa. Ukisema haitoki, haisukumwi, itakaa, hiyo ni ngeli ya nyumba, ya meza, ya sufuria. Kaka alisema kama alivyosema siku zote, kama nusu ya Kisumu inavyosema, na kila aliyekuwa hapo alijua alimaanisha nini. Baba alijua. Mimi nilijua zaidi ya wote.

"Ni kitu, Baba," nikasema. "Kwa sarufi, amesema nyumba."

"Wewe!" kaka akanguruma. "Nyoka! Unanishika kwa Kiswahili?"

"Sijakushika. Nimeulizwa."

"Baba, huyu anajua! Anajua mimi ni Simba, Agosti, si nilimsomea?"

"Jambo ni dogo," Baba akasema. "Sema ulikosea. Sema ulitaka kusema 'hatoki', na simba hiyo si yako ya kukaa. Halafu utaje siku. Tunaanza upya, hakuna aliyeudhika."

Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja, nimekosea, na hakuna ambaye angemcheka zaidi ya dakika mbili. Tulingoja. Nilimwona akifungua mdomo. Akanitazama mimi, Mashuke, mtu wa makosa, na mdomo ukajifunga.

"Mimi sikosei," akasema.

Hapo ndipo mkewe alipozungumza. Alikuwa mwanamke mnyamavu, mkubwa kuliko mke wangu, na alikuwa ndani ya simba miaka mingi kuliko sisi. Paa lake lilivuja kabla ya letu.

"Baba, hata mimi nimesikia," akasema taratibu. "Amesema simba haitoki. Mimi sina Kiswahili ya shule, lakini nimesikia."

Sijawahi kuona mtu akigeuka kama kaka alivyomgeukia mkewe. Hakumpiga. Alifunga koti, akatoka langoni na kushika njia ya barabara kuu kwa miguu, na Jumapili hiyo hakumuaga hata mama. Baba alitangaza kwamba, kwa maneno ya mkubwa mwenyewe, mimi nitatolewa mara mahindi yakiisha kuvunwa.

Nilifurahi. Sitasema vingine. Usiku huo mke wangu hakuzungumzia Bondo.

Lakini kijijini habari haikai. Ilimfikia mjini kabla ya wiki kuisha, na ilifika imenona. Makarani wenzake walipata mtu wa nyumbani akawaeleza simba ni nini kwetu. Nilisikia kwamba walimwita Kitinda Mimba. Nilisikia kwamba mmoja alimwuliza kama mama bado anamwogesha. Mtu anaweza kuvumilia kuitwa mbaya. Kaka hakuweza kuitwa mdogo.

Akarudi Jumamosi, juu ya mkokoteni wa punda uliojaa fito, mabati machache na mfuko wa misumari. Hakuja na gazeti wala mkate. Alipita mbele yangu kama ninavyopita mimi mbele ya jiwe, akaenda moja kwa moja kwa Baba.

"Kesho kutwa alfajiri," akasema. "Unitoe."

"Na ile nyumba ya matofali?"

"Unitoe."

Akatolewa. Nilishika jembe nikachimba mashimo, kwa sababu ndugu hawezi kukosa, na kaka hakunipa neno siku nzima isipokuwa mara moja. Nyumba ilipoinuka, nyumba ya matope, ndogo kuliko simba aliyoiacha, mabati hayakutosha upande mmoja. Alikuja karibu nami, akiwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Usifikiri nimekufungulia njia," akaniambia. "Nimejitoa mdomoni mwako tu."

"Sawa, owadwa."

"Na usiniite owadwa."

Mkewe aliingia na moto wake, akaweka mafiga, akafunga mlango mbele yetu sote. Kwa ndani tulimsikia akiimba wimbo wa kanisa, kwa sauti kubwa kabisa.

Zamu yangu ilifika mahindi yakiwa tayari ghalani. Baba alitangulia, jogoo akipiga kelele chini ya mkono wake, mimi na shoka, mwanangu wa kwanza akinishika shati, mke wangu nyuma na moto kwenye kigae cha chungu. Ilikuwa lazima kaka awepo. Alikuja, lakini hakuvuka mpaka. Alisimama ndani ya boma lake jipya, mikono kiunoni, akatutazama tukisimamisha nguzo ya kati, bila kugusa fito hata moja.

Tulipokwisha kuisimamisha nguzo na wanaume wakaanza kujaza udongo, akapaza sauti.

"Japuonj! Nguzo yako imepinda."

Kila mtu alisimama. Niliitazama. Ilikuwa imepinda kuelekea ziwani, si sana, lakini mtu mwenye macho aliona. Baba aliona pia, akaniangalia kuuliza kama tuing'oe.

"Shindilieni," nikawaambia.

Wakashindilia. Kaka aliendelea kusimama pale, na mimi sikugeuka tena kumtazama, mpaka niliposikia mke wangu akisema nimpishe, apite na moto.